Mfuko wa Barabara, TACTIC au wafadhili: manispaa ipige hodi wapi kwa ajili ya waenda kwa miguu?

Zebra ninayotaka kuanza nayo imebaki mistari miwili tu, yote pembeni kabisa mwa lami, pale ambapo tairi hazifiki. Katikati pameshapauka, na dereva anayekuja kwa mwendo haoni kitu. Iko mbele ya shule ya msingi, kwenye barabara iliyojengwa vizuri tu ila haina njia ya miguu. Upande mmoja kuna mtaro uliofunikwa kwa mifuniko ya zege, na watu wote hupita juu ya mifuniko hiyo, wakiruka ile iliyovunjwa na wachuuzi wa vyuma waliofuata nondo. Upande wa pili kuna kijiwe cha bodaboda na meza ya mama wa maandazi.

Nilikaa pale asubuhi moja na daftari, kuanzia saa 12:30 hadi saa 1:30, nikihesabu. Wa darasa la tano huvusha wa awali kwa kuwashika mikono. Wanasubiri nafasi, wanachungulia, wanarudi nyuma, kisha wanakimbia. Vyombo vilivyosimama kuwapisha katika saa nzima vilitosha vidole vya mkono mmoja, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa guta.

Hoja ilipofika kwenye kikao cha kata, swali likawa lile linaloulizwa kila mahali: "Kwani hakuna mfadhili?"

Wafadhili wapo, ila neno lenyewe limebebeshwa vitu visivyofanana hata kidogo. Kuna fedha za kupaka rangi, fedha za kujenga, fedha za kufikiri, na fedha za kumleta mtaalamu akae ofisini kwako miaka miwili bila kumwaga hata ndoo moja ya zege. Ukiomba ya aina moja kwa shida ya aina nyingine, unapoteza mwaka. Kwa hiyo nitaipitisha shule hii moja kwenye kila mlango ninaoufahamu hapa Tanzania, tuone upi unafunguka kwa nini. Naandika kwa ajili ya watu wa mipango kwenye halmashauri, madiwani, kamati za shule na asasi ndogo zinazoambiwa kila siku "andikeni andiko".

Kwanza, barabara ni ya nani?

Hili linatangulia fedha. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Barabara za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani mjini, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 na wenye mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000. Halmashauri yenyewe, ambayo ndiyo wananchi huikimbilia, haimiliki tena hata tuta moja. Mwenyekiti wa mtaa anayewaambia vijana wachimbe lami waweke tuta la udongo anavunja sheria, hata kama nia ni njema, na matuta ya namna hiyo nimeona yakimwangusha mtu wa pikipiki usiku.

Niliwahi kushiriki kuandaa andiko la kurasa thelathini na kitu, lenye picha, ramani na barua tatu za kuunga mkono. Jibu lilikuja baada ya miezi minne, sentensi moja: barabara inayoombewa haiko chini ya mwombaji. Tulikuwa tumesahau kumuuliza mwenye barabara. Tangu siku ile, karatasi ya kwanza ninayoitafuta ni barua ya meneja wa TARURA wa wilaya, au ya TANROADS mkoa, inayosema barabara ni yake na kwamba hana pingamizi. Bila barua hiyo hakuna mlango unaofunguka.

Shule yetu ya mfano iko kwenye barabara ya TARURA. Hilo linaturahisishia.

Mfuko wa Barabara

Huu si ufadhili kwa maana ya watu wengi, lakini ndio fedha iliyo karibu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Unatokana hasa na tozo ya mafuta: kila anayejaza tangi anachangia. Kwa miaka mingi mgao umekuwa asilimia 70 kwa TANROADS na 30 kwa barabara za halmashauri, ambazo sasa ziko TARURA. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, baada ya kelele nyingi za wabunge kuhusu barabara za vijijini.

Jambo la kulishika ni hili: kwa mujibu wa sheria, si chini ya asilimia 90 ya fedha za Mfuko ni za matengenezo. Ukiuomba njia mpya ya miguu ya mita mia nane, unaomba kitu ambacho Mfuko haukuumbiwa. Ukiuomba kupaka upya zebra iliyopauka, kurudisha alama iliyogongwa, kuziba mashimo ya mifuniko ya mtaro na kurekebisha tuta lililobomoka, unaomba kitu ambacho ndicho kazi yake hasa. Watu wengi hukosea hapa. Wanaandika "ujenzi wa miundombinu ya usalama" kwenye karatasi ambayo ingepita kirahisi kama ingeandikwa "matengenezo ya alama na vivuko".

Muda nao una kanuni zake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti huanza kukusanywa miezi mingi kabla. Ukipeleka barua ya zebra mwezi Aprili, umepeleka salamu. Ipeleke Oktoba au Novemba, wakati wahandisi bado wanapanga orodha.

Udhaifu wa mlango huu hauna siri: orodha ya matengenezo ni ndefu kuliko fedha, na mvua ya masika ikikata daraja, zebra yako inasubiri. Kijijini kuna watu ambao gari la wagonjwa haliwafikii kabisa. Ukikaa na mhandisi akakueleza hivyo, huna cha kumjibu.

Mapato ya ndani na Mfuko wa Jimbo

Hapa nitapita haraka. Halmashauri ina makusanyo yake, na mbunge ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa na sheria ya 2009. Fedha ni kidogo, lakini uamuzi unafanywa na watu unaowajua kwa majina, na kazi ndogo zinaweza kuisha ndani ya miezi. Hizi ni fedha za kununua vibao, nguzo fupi za kuzuia magari kupanda pembeni, rangi, fulana za kuakisi mwanga kwa wavushaji wa shule. Si fedha za njia ya miguu.

Nairobi ilijaribu kuufanya mlango wa namna hii uwe mpana: sera ya kaunti ya 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa waenda kwa miguu na baiskeli. Sera yenyewe haimwagi zege, lakini inampa diwani kitu cha kushika mkononi anaposimama kuuliza. Kwetu sijaona baraza la madiwani lililojifunga kwa asilimia, na nadhani ni azimio ambalo baraza lolote lingeweza kulipitisha hata kesho.

TACTIC na miradi mikubwa

Ukisikia mji fulani unajengewa barabara za lami, stendi, soko na taa kwa wakati mmoja, mara nyingi ni TACTIC, mradi wa serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 410 unaogusa miji 45, iliyogawanywa katika makundi matatu: miji 12, kisha 15, kisha 18. Dar es Salaam ilikuwa na wake, DMDP, ulioanza 2015 kwa dola milioni 300.

Kwa nchi ni mkopo, utalipwa. Kwa manispaa unaonekana kama ruzuku, kwa sababu anayedaiwa ni Hazina. Ndiyo maana watu wanaupigania, na ndiyo maana ni mlango ambao huandiki andiko lako kivyako ukaupeleka. Miji imeshachaguliwa.

Kwa hiyo kama manispaa yako imo katika hiyo 45, usiombe. Ingia kwenye michoro. Mhandisi mshauri anapopewa kazi ya usanifu, kuna kipindi cha kukutana na wananchi, na wengi hukitumia kuuliza fidia. Ni haki yao. Lakini katika kikao hichohicho ndipo panaamuliwa njia ya miguu iwe na upana gani, iwe juu ya mtaro au pembeni yake, kivuko kiwe wapi, na kama kituo cha daladala kitawekwa kabla au baada ya geti la shule. Nimewahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo ambapo mwalimu mkuu alisema mambo mawili tu: geti letu liko hapa, na watoto wanatokea kule. Mchoro ukasogezwa. Hakuna andiko lililoandikwa na hakuna fedha ya ziada iliyotafutwa.

Ukikuta michoro imeshasainiwa na mkandarasi yuko kazini, kubadilisha kitu kunagharimu barua, vikao na nyongeza ya mkataba, na kwa kawaida jibu ni hapana.

Kasoro yake kubwa, kwa jicho langu, ni kwamba miradi mikubwa huleta lami laini, na lami laini huleta mwendo. Barabara iliyokuwa na mashimo, ambayo pikipiki zilikuwa zikipita zikichechemea, inageuka kuwa uwanja wa mbio ndani ya wiki moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kwamba kila ongezeko la asilimia 1 la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kifo kwa asilimia 4. Barabara mpya isiyo na kitu cha kupunguza mwendo mbele ya shule ni hatari kuliko ile ya vumbi. Simaanishi turudi kwenye vumbi. Namaanisha tuta na kivuko kilichoinuliwa viwe ndani ya mkataba uleule wa lami, wala visiachwe "tutaweka baadaye".

Asasi za usalama barabarani: njia ya shule moja moja

Huu ndio mlango ninaoupenda zaidi kwa shule kama hii, na nakiri upendeleo wangu mapema.

Asasi ya Amend ilianzisha Dar es Salaam mpango unaoitwa SARSAI, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya kwanza ya miji ya kituo cha utafiti cha WRI Ross Center, yenye dola 250,000, ukishindana na miradi ya miji mikubwa ya dunia. Wanachofanya ni kidogo kwa macho. Wanatafuta shule ambazo watoto wake wanagongwa zaidi, wanaitazama njia ya mtoto kutoka nyumbani hadi darasani, kisha wanajenga vitu vichache: njia ya miguu fupi, matuta, zebra, vibao, nguzo za kuzuia magari. Wakati mwingine wanahamisha geti la shule tu, lisifungukie barabara kubwa. Tathmini iliyofanywa Dar es Salaam, kwa kulinganisha maeneo yaliyopata marekebisho na yasiyopata, ilionyesha majeruhi kupungua kwa takriban asilimia 26.

Tuiweke kando ya TACTIC tuone. TACTIC inajenga kilomita nyingi na shule inapata faida kama imebahatika kuwa njiani. SARSAI inaanza na shule, na barabara inaguswa pale tu mtoto anapoigusa. TACTIC inahitaji nchi ikope, na miaka ya usanifu, zabuni na ujenzi. Kazi ya shule moja inaweza kupangwa na kukamilika ndani ya mwaka mmoja wa shule kama mwenye barabara hajaweka vikwazo. Kwa upande mwingine, TACTIC ikiamua kukujengea taa za barabarani, unazipata za mji mzima. Asasi haitakuwekea taa za mji.

Ugumu wa mlango huu ni kwamba huchagui wewe. Asasi ina wafadhili wake, na wao wana nchi, miji na miaka yao. Unachoweza kufanya ni kuwa tayari kabla hawajaja: kujua shule yako ni ya ngapi kwa hatari katika manispaa, na kuwa na ushahidi. Manispaa nyingi, ukiziuliza shule tano hatari zaidi, zinakutajia shule tano zilizo karibu na ofisi.

Fedha za kimataifa zenye jina la usalama

Umoja wa Mataifa ulianzisha Mfuko wa Usalama Barabarani mwaka 2018. Jina linavutia, na kila mwaka kuna mtu anayeniuliza manispaa yetu itume wapi fomu. Kwa kawaida haitumi. Miradi yake hupitia mashirika ya UN, kwa mfano UN-Habitat, UNEP au WHO, yakishirikiana na serikali, na fedha nyingi huenda kwenye sera, viwango vya usanifu, mafunzo na majaribio madogo. Ni fedha za kubadilisha namna nchi inavyojenga, si za kujenga mbele ya shule yako. Manispaa inaingia pale inapokubali kuwa mahali pa majaribio.

Mpango wa usalama barabarani wa Bloomberg, shirika la hisani la Marekani, nao ni mkubwa: awamu iliyotangazwa 2020 ilikuwa ya dola milioni 240, na Kampala ilikuwa mojawapo ya miji iliyomo. Tanzania iliguswa zaidi kwenye upande wa sheria katika awamu ya 2015 hadi 2019. Mji unaochaguliwa hupewa wataalamu: mtu wa takwimu, mtu wa usanifu, mtu wa mawasiliano, mafunzo kwa polisi. Hela ya zege hutafutwa kwingine.

Diwani mmoja aliposikia hivyo aliniuliza, "Sasa mtaalamu wa takwimu tutamla?" Nikacheka, lakini sikukubaliana naye. Marekani wana mpango wa fedha za usalama kwa miji, uliotokana na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021: dola bilioni 5 kwa miaka mitano. Mji usio na mpango kazi wa usalama haupewi fedha za ujenzi. Unaomba kwanza fedha ndogo za kuandaa mpango, na katika yote mawili lazima uchangie angalau asilimia 20. Wao wenye pesa zao wamekataa kumpa mtu zege asiyejua ajali zake ziko wapi. Sisi tusio nazo tunaanza na zege.

Ushahidi, jambo ambalo milango yote inauliza

Hapa ndipo maandiko mengi hufia, na hapa nitakaa kidogo.

Sentensi ninayoikuta karibu kila andiko ni hii: "Kumekuwa na ajali nyingi katika eneo husika zinazohatarisha maisha ya wananchi." Haina siku, haina mahali, haina mtu. Mfadhili anasoma mia za namna hiyo. Hata takwimu za dunia hazimsaidii: anajua tayari kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa wakitembea kwa miguu, na kwamba ajali ndizo zinazoua zaidi watu wa miaka 5 hadi 29. Unachojua wewe asichokijua yeye ni kilichotokea mbele ya geti lako.

Polisi wa usalama barabarani wana kumbukumbu, lakini ajali nyingi za waenda kwa miguu hazifiki kituoni. Bodaboda anamgonga mtoto, wanaelewana pale pale, mzazi anapewa hela ya dawa, yameisha. Ndiyo maana daftari la zahanati ni la thamani: majeruhi wa ajali kwa kawaida huulizwa PF3, ile fomu ya polisi, na hata asipokuwa nayo muuguzi huandika alivyoumia. Omba kwa utaratibu, kupitia mganga mkuu wa manispaa, hesabu tu bila majina. Ongeza rejista ya shule: watoto waliokosa masomo kwa kugongwa. Kisha hesabu mwenyewe asubuhi tatu, siku tofauti, wangapi wamevuka, vyombo vingapi vimepita, vingapi vimesimama. Picha moja iliyopigwa kutoka urefu wa mtoto wa miaka saba, si kutoka urefu wako, inafanya kazi kuliko aya nzima.

Kazi hiyo yote inagharimu nauli na daftari la kaunta. Andiko lenye ushahidi huo linaweza kutumwa kwenye milango mitatu bila kuandikwa upya. Linabadilika jalada na bajeti tu.

Swali la mwaka wa tatu

Milango tuliyoipita inatofautiana kwa ukubwa wa fedha, kwa muda, na kwa nani anaamua. Lakini ninapolazimika kuchagua, huanza na swali ambalo halimo kwenye fomu nyingi: nani atapaka rangi mwaka wa tatu?

Rangi ya kawaida kwenye barabara yenye magari mengi haidumu. Ile ya plastiki inayoyeyushwa kwa moto na kunyunyiziwa chembe za kioo hudumu zaidi, ila ni ghali na inahitaji mashine. Mfadhili wa nje anapaka mara moja, anapiga picha, anaondoka. Mkandarasi wa mradi mkubwa ana kipindi cha uangalizi wa kasoro, kikiisha naye anaondoka. Anayebaki ni TARURA na Mfuko wa Barabara, yaani mlango wa kwanza, ule usio na hadhi. Kwa hiyo hata unapoomba kwingine, andiko liwe na ukurasa mmoja unaosema kivuko hiki kitaingizwa kwenye orodha ya matengenezo ya mwaka gani, na usainiwe na mwenye barabara.

Kwa sababu hiyo hiyo, penye hela kidogo napendelea kitu kisichofutika. Kivuko kilichoinuliwa, tuta bapa ambalo gari hulazimika kulipanda na mtoto huvuka juu yake, kinafanya kazi hata rangi ikiisha. Rasta, ile mistari ya matuta madogo yanayofuatana, zinapiga kelele, majirani wanalalamika, na dereva wa kila siku anazizoea. Zebra tupu isiyo na tuta, kwenye barabara ambayo madereva hawana desturi ya kusimama, wakati mwingine ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa sababu mtoto amefundishwa darasani kwamba pale ni salama.

Kwa shule yetu, basi

Kama manispaa imo kwenye TACTIC na barabara hii imo kwenye orodha ya usanifu, ningeacha kila kitu nifuatilie mchoro. Hakuna andiko litakaloleta fedha kubwa kuliko hiyo. Kama haimo, sitapoteza miezi kuwaandikia Benki ya Dunia barua.

Ningepeleka zebra, vibao na mifuniko ya mtaro TARURA, kwa lugha ya matengenezo, kabla Novemba haijaisha. Tuta bapa ningelijaribu kwa mapato ya ndani, nikiwa na azimio la kamati ya maendeleo ya kata, kwa sababu ni kazi ya siku chache na diwani anaweza kuisimamia kwa macho yake. Njia ya miguu ya mita mia nane ndiyo ningeiandikia asasi, nikiambatanisha hesabu za zahanati, barua ya mwenye barabara na ukurasa wa mwaka wa tatu. Milango ya Umoja wa Mataifa na Bloomberg ningewaachia jiji na wizara, ila ningehakikisha takwimu zetu ziko mezani siku watakapotafuta mahali pa majaribio. Mama wa maandazi na vijana wa kijiwe ningewaita kwenye kikao cha kwanza kabisa, maana njia ikijengwa bila wao, mwezi wa pili itakuwa imejaa pikipiki na meza.

Hayo ndiyo tuliyoyafanya, karibu yote. Barua ya TARURA imerudi ikiwa na muhuri. Andiko la njia ya miguu bado linasubiri majibu. Katikati ya kusubiri, kamati ya shule iliziba geti kubwa linalofungukia barabarani, ikatoboa ukuta upande wa uchochoro, ikaweka geti dogo la bati, kwa mifuko mitatu ya saruji na fundi ambaye mtoto wake yuko darasa la pili. Wanaotoka upande wa sokoni hawavuki tena barabara kubwa. Wanaotoka upande wa pili bado wanashikana mikono na kuchungulia, na mistari ya zebra bado ni miwili.